Kwenda Kumsalimia Profesa

Mtandao wa simu kijijini Nkoma ulipatikana katikati ya shamba la pamba, karibu na kichuguu, na hapo ndipo Nyanjige aliposimama asubuhi ile ya Jumamosi akiwa ameinua simu juu ya kichwa. Ukurasa wa matokeo ulipofunguka aliziona kozi zake zote zina alama, isipokuwa moja. Mbele ya Uchumi wa Kilimo palikuwa na kistari. Mtihani aliufanya. Majaribio yote aliyafanya, na karatasi zake alirudishiwa zikiwa na wino mwekundu wa Profesa Nkinda mwenyewe. Hata hivyo kistari kilikuwa pale, na chini yake chuo kilikuwa kimeandika kwamba mwanafunzi huyu hajakamilisha masomo.

"Umefaulu?" mama yake alimuuliza kutoka mstari wa pili, mikono yake ikiendelea kuchuma.

"Kuna alama moja haijaingizwa, mayu. Profesa amesahau tu."

"Basi mkumbushe."

Maximiliana, mama yake, alisema hivyo kama ambavyo mtu yeyote angesema, na Nyanjige naye aliliona ni jambo dogo. Kikao cha kupitisha majina ya wahitimu kilikuwa Ijumaa inayofuata. Alama ikiingia kabla ya hapo, atahitimu na wenzake. Isipoingia, atakaa nyumbani mwaka mzima kwa ajili ya kistari. Akaketi pembeni ya gunia, akaandika:

"Shikamoo Profesa. Naitwa Nyanjige Malimi, mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu. Alama yangu ya Uchumi wa Kilimo haionekani kwenye mfumo. Naomba kukukumbusha uiingize kabla ya kikao cha Ijumaa. Asante."

Akaongeza namba yake ya usajili, akatuma. Haukupita muda mrefu vialama viwili vikageuka bluu. Profesa alikuwa ameusoma. Nyanjige akarudi kuchuma, simu ikiwa mfukoni mwa gauni, na kila ilipotetemeka aliacha kitumba alichokishika akaitoa. Zilikuwa salamu za marafiki na matangazo ya kampuni ya simu.

Jumapili aliandika tena kwa barua pepe, maneno yale yale. Jioni akapiga. Simu iliita mara moja ikakatwa. Kisha ukaja ujumbe mfupi: "Binti, hujui unaongea na nani."

Aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama, akausoma tena, na hakuona kosa lake liko wapi.

Novatus, aliyekuwa kiongozi wa darasa lao, ndiye aliyemwonyesha. Alicheka kwanza kwenye simu, kicheko kirefu cha mtu aliyekwisha kuvuka mto.

"Umemwambia unamkumbusha? Wewe Nyanjige umejimaliza. Yule hakumbushwi. Unamkumbushaje profesa, kwani yeye ni mzee amesahau fimbo?"

"Sasa niandikeje? Si alama yangu?"

"Alama ni yako, kalamu ni yake. Subiri nikutumie tunavyoandikaga."

Ujumbe wa mfano ulikuja. Ulianza na "Kwako Mheshimiwa Profesa, baba na mlezi wetu," ukaendelea na kuomba radhi kwa kuchukua muda wake wa thamani, ukamshukuru kwa hekima aliyowamwagia, ukamtakia afya yeye na familia yake, na mwishoni kabisa, kama kitu kilichodondoka kwa bahati mbaya, ukataja alama. Nyanjige aliuona kama pamba fifi, ile chafu ambayo watu huificha katikati ya gunia. Lakini aliunakili. Alibadilisha jina tu. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akaongeza sentensi yake mwenyewe: "Mimi ni mtoto wako tu, nikikosea unichape." Alipobonyeza kutuma alihisi uso umemwaka moto, ingawa shambani hapakuwa na mtu wa kumtazama.

Safari hii jibu lilikuja kabla hajafika nyumbani.

"Sasa umeanza kuwa mtu. Nipo shambani kwangu Kasoli wiki hii. Wenzako wanakuja kusalimia."

*

Baba yake, Malimi, alipoelezwa alifurahi mpaka akasimama.

"Nkinda wa Kasoli? Yule ni wa kwetu kabisa. Kwa nini hukusema tangu mwanzo? Unamwandikia mtu wa kwenu kwenye simu kama unamdai. Mtu wa kwenu anafuatwa nyumbani."

"Baba, ni alama tu. Anaweza kuiingiza popote alipo."

"Wewe unajua vitabu, mimi najua watu. Tutakwenda wote."

Nyanjige alimtazama mama yake ili amsaidie. Maximiliana alikuwa akitandaza michembe juu ya turubai, akivigeuza vile vipande vya viazi kimoja kimoja. Alisema tu kwamba pamba imefunguka yote na hawezi kuichuma peke yake. Malimi akajibu kwamba pamba haina miguu. Jumanne alfajiri alimkamata jogoo mwekundu, yule mkubwa, akamfunga miguu kwa kamba ya katani, na wakaondoka kupitia Lagangabilili hadi Bariadi mjini, kisha Kasoli. Njiani alimweleza kondakta, bila kuulizwa, kwamba anampeleka binti yake kwa profesa.

Nyumba ya Profesa Nkinda ilikuwa na paa la vigae na geti la chuma, na nyuma yake shamba la pamba lilianza na kuendelea mpaka macho yanapochoka. Kulikuwa na watu wameinama shambani. Nyanjige aliwadhania vibarua. Walipokaribia akaona fulana moja ina nembo ya chuo chao. Aliyeivaa aliinuka, akajishika kiuno, na alikuwa Joyness, waliyekaa naye bweni moja.

"Na wewe umekuja kusalimia?" Joyness aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mnafanya nini huku?"

"Si unaona. Mimi nasubiri anisainie tasnifu. Yule pale anataka barua ya kuombea kazi. Wale wawili hata sijui." Alionyesha vidole vyake, ambavyo vilikuwa vimechanwa na ncha za vitumba vilivyokauka. "Kwetu Lamadi tunapara samaki. Haya mambo nimeanza kuyajua jana."

"Amewaambia mchume?"

"Hajatuambia. Tulimkuta amekaa, akasema pamba inaharibika, watu wa kuchuma hakuna. Akanyamaza. Sasa ungefanyaje?"

*

Profesa alikuwa barazani, kwenye kiti cha kuegemea, amevaa fulana ya ndani na bukta, sahani ya karanga za kuchemsha juu ya tumbo. Alikuwa mtu mnene mwenye sura ya kupendeza, na alipomwona Malimi alitabasamu kama aliyemtarajia.

"Mwadila, namhala," alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mzee.

"Mwadila, baba," Malimi alijibu. Alikuwa amemzidi umri profesa, pengine kwa miaka kumi, lakini alivua kofia, akachuchumaa chini ya ngazi, akainua jogoo kwa mikono miwili. "Tumekuletea kasalamu kadogo."

Profesa alimwita mtu wa jikoni aje amchukue jogoo. Hakumwambia Malimi apande barazani. Viti vilikuwepo viwili vitupu. Nyanjige alipiga goti, akaamkia, na profesa akaiacha shikamoo yake ining'inie hewani huku akimenya karanga.

"Ndiye huyu?" alimuuliza Malimi.

"Ndiye, profesa. Mtoto wako."

"Mtoto wangu ananikumbusha kazi." Alipapasa kiti, akapata simu yake na miwani. Wanafunzi wawili walikuwa wamekuja kumwaga pamba kwenye turubai karibu na baraza, na akawaita. "Njooni msikilize, mtajifunza. Vijana mnahitimu hamjui kuandika. Sikiliza: 'Naomba kukukumbusha uiingize kabla ya kikao cha Ijumaa.' Mimi. Nikumbushwe. Yaani huyu binti ananipangia na siku." Akatazama juu ya miwani. "Ulipokuwa unaandika ulifikiri mimi ni fundi wako wa baiskeli?"

Wale wanafunzi walicheka. Mmoja alicheka kwa bidii zaidi kuliko mwenzake.

"Sasa ona baada ya kufundishwa." Alitelezesha kidole, akasoma ule wa pili, kwa kupumzika kila baada ya maneno machache, kama kasisi anayesoma somo. Mheshimiwa. Baba na mlezi. Hekima uliyotumwagia. Alipofika kwenye "nikikosea unichape" aliirudia, na wakati huu Malimi naye akacheka.

Kilikuwa kicheko kidogo, chembamba, cha pembeni ya mdomo. Nyanjige alitazama chini. Kando ya goti lake palikuwa na maganda ya karanga yaliyotemwa, yenye unyevu, na sisimizi walikuwa wameshaanza kuyapanda.

"Basi," profesa alisema, akiweka simu. "Nitaliangalia jambo lako. Lakini mnaona wenyewe, akili yangu yote iko kwenye hii pamba."

Malimi hakusubiri amalize. Alikwisha kusimama na kuchukua gunia lililokuwa limekunjwa ukutani.

*

Walichuma tangu saa nne. Malimi alichagua mistari ya mwisho, yenye magugu, na akaichuma vizuri kuliko alivyowahi kuchuma ya kwake. Alitoa kila jani kavu, alipuliza vumbi, hakuacha hata uzi mmoja kwenye kitumba. Kila mara alitupa jicho barazani kuona kama anaonekana. Profesa alikuwa amelala, miwani kifuani.

Nyanjige alichuma mstari wa jirani. Alifikiria shamba lao Nkoma, mama yake akiwa peke yake, pamba nyeupe imening'inia tayari kudondoka mchangani. Alifikiria pia kwamba jambo lililomleta ni la dakika moja. Mtu anafungua ukurasa, anaandika tarakimu mbili, anafunga. Kila gunia lililojaa lilimfanya aione ile dakika moja ikizidi kwenda mbali.

Mchana wanafunzi waliletewa ugali na mlenda chini ya mti wa mwarobaini. Kutoka jikoni kulitoka harufu ya kuku wa kuchemshwa kwa chumvi, na Nyanjige hakuhitaji kuambiwa ni kuku gani. Baadaye kidogo mtu wa jikoni alikuja na bakuli, akamtafuta Malimi kwa macho.

"Profesa amesema hii ni ya mzee."

Ndani ya bakuli kulikuwa na kichwa cha jogoo na miguu yake miwili. Huko kwao hivyo hupewa watoto, wakagombania nje ya nyumba. Wanafunzi waliacha kutafuna. Joyness aligeuza uso upande wa shamba.

"Wabeja," Malimi alishukuru. "Mwambie profesa wabeja sana."

Akaila. Aliila miguu yote, akaifyonza mifupa, kwa sababu aliyempa angeweza kuwa anatazama kutoka dirishani. Nyanjige aliusukuma mbele ugali wake, na Joyness akambana kiwiko, akamnong'oneza ale, asije akaonekana amesusa.

Jua lilipoinama walikusanyika mbele ya baraza, vumbi jeupe la pamba limewashika kwenye nywele na nyusi. Profesa alikuwa ameoga na kuvaa shati.

"Nimefurahi sana. Namhala, wewe unajua kuchuma, hawa wengine wananiharibia tu." Kisha akamgeukia Nyanjige. "Kompyuta yangu nimeiacha Mwanza. Nitaliangalia Jumatatu nikirudi."

"Profesa, samahani. Kikao ni Ijumaa."

Profesa alimtazama Malimi, siyo yeye.

"Unamsikia?"

"Msamehe, profesa," Malimi alisema haraka. "Ni utoto."

"Sawa. Kwa heshima yako nitampigia mtu. Ila njooni Alhamisi, kuna upande ule wa mtoni haujaguswa. Uje na mama yake pia, watu wawe wengi."

"Tutakuja," Malimi alisema.

*

Bariadi walikaa kwenye benchi la duka wakisubiri usafiri wa kurudi wilayani kwao Itilima. Malimi alikuwa na furaha. Alizungumza kwa sauti, ili na mwenye duka asikie.

"Umeona alivyotupokea? Mtu mkubwa vile, anasalimia Kisukuma. Wengine wakishasoma wanajifanya wamesahau."

Nyanjige alikuwa akitoa vipande vya majani makavu kwenye nywele zake.

"Baba, ulikuwa unacheka nini?"

"Wapi?"

"Aliposoma ujumbe wangu."

Malimi alifikiri, au alijifanya anafikiri.

"Alikuwa anacheka. Ningefanyaje, ninune?"

Kwa muda mfupi Nyanjige alimchukia baba yake, na baada ya hapo akajichukia mwenyewe kwa nguvu zaidi, maana yale maneno yaliyochekwa aliyaandika yeye, kwa kidole chake, akiwa katika shamba la baba huyo huyo. Mwenye duka aliwaletea maji ya kunywa. Malimi akamweleza kwamba wametoka kwa profesa, Kasoli.

*

Jumatano Nyanjige alimuaga mama yake kwamba anakwenda Lagangabilili kununua chumvi. Kweli alinunua chumvi. Kisha akaketi kwenye mgahawa mdogo karibu na ofisi mpya za wilaya, mahali ambapo mtandao haukatiki, akaagiza chai ya rangi, akafungua barua pepe. Anwani ya mkuu wa idara ilikuwa kwenye tovuti ya chuo, kwa kila mtu kuiona. Katika miaka mitatu hakuwahi kuitumia. Novatus aliwaambia mwaka wa kwanza kwamba kumruka profesa ni kutafuta kifo, na wote waliliamini hilo kama lilivyo.

Aliandika: "Naomba radhi kwa kukusumbua." Akaitazama sentensi hiyo. Akaifuta. Aliandika jina lake, namba ya usajili, jina la kozi na muhula. Akaeleza kwamba alama yake haionekani, kwamba mtihani na majaribio aliyafanya, na kwamba anaomba isahihishwe kabla ya kikao cha Ijumaa. Akashukuru, akatia jina lake. Hapakuwa na baba wala mlezi ndani yake. Akatuma, kama mtu anayerusha jiwe usiku asijue limeangukia bati la nani.

Chai ilikuwa bado ya moto jibu lilipofika. Aliyeandika aliitwa Benedikta, katibu wa idara.

"Habari Nyanjige. Alama za kozi hiyo Profesa Nkinda alizileta ofisini tangu mwezi uliopita, yako ikiwemo. Wakati wa kuingiza, mstari wako ulirukwa. Nimeshaingiza, tafadhali angalia. Pole kwa usumbufu. Siku nyingine ukiona tatizo kama hili andika hapa moja kwa moja, ndiyo kazi yetu."

Aliangalia. Kistari hakikuwepo. Palikuwa na B+.

Alidhani atafurahi. Alikaa na simu mkononi na kilichokuja ni kinyaa kizito, kama cha mafuta yaliyochacha. Alama zilikuwa ofisini mwezi mzima. Profesa alikwisha kuzikabidhi, kazi yake ilikwisha, hakuwa na chochote mkononi cha kumpa wala kumnyima. Angeweza kumjibu kwa maneno mawili, muulize katibu, na angerudi kwenye karanga zake. Badala yake aliona mtu anabisha mlangoni mwake kwa hofu, akaona ni bora hofu hiyo imfanyie kazi.

Alimpigia Joyness.

"Andika idarani," alimwambia. "Nimeandika asubuhi hii, wamenijibu papo hapo. Nitakutumia anwani."

Joyness alikuwa akihema. Kulisikika watu wengine nyuma yake.

"Yako ilikuwa alama. Mimi ni saini yake, hakuna mwingine wa kuisaini."

"Mweleze mkuu wa idara basi. Mwambie unakochuma."

"Usiniambie hivyo, Nyanjige." Sauti ilishuka. "Akijua, ataniambia sura ya tatu niirudie yote. Ameshamfanyia mtu. Niache tu, tunakaribia kumaliza."

*

Jioni alimweleza mama yake kila kitu, hata lile bakuli la Kasoli. Maximiliana alisikiliza akiwa anasonga ugali, na kwenye habari ya miguu ya kuku mwiko ulisimama.

"Akaila?"

"Akaila."

Alisonga tena, kwa nguvu, mpaka chungu kikayumba kwenye mafiga.

"Usimwambie baba yako habari ya hiyo barua," alisema. "Anatembea kifua mbele tangu jana. Anawaambia watu amekuhangaikia. Muache aamini ni yeye."

Nyanjige alikubali, na angenyamaza kweli, kama simu isingetetemeka Malimi akiwa ndiyo kwanza anaingia uani na mbuzi jike mikononi.

"Ni nani?" Malimi aliuliza. "Profesa?"

Alikuwa profesa. Nyanjige aliusoma ujumbe kimya: "Alama yako nimeishughulikia. Imeingia leo. Mwambie mzee asisahau kesho, na mama."

"Soma basi."

Akasoma kwa sauti, kwa sababu hakupata haraka kitu kingine cha kusema. Malimi alimweka mbuzi chini, akapiga makofi mawili ya taratibu, akacheka kwa kicheko chake halisi, cha tumboni.

"Sikukwambia? Mtu wa kwenu anafuatwa nyumbani. Huyu mbuzi nimemchagua sawasawa. Kesho tunampelekea."

Maximiliana alimtazama binti yake na kutikisa kichwa kidogo, asiseme. Lakini mbuzi alikuwa amesimama katikati yao, na ule uongo wa profesa ulikuwa umekwisha kusomwa kwa sauti, na Nyanjige aliona kwamba akinyamaza atakuwa amemshika mbuzi huyo kamba mpaka Kasoli.

"Siyo yeye, baba."

"Siyo yeye nini?"

"Niliandika ofisini kwao leo asubuhi. Alama zilikuwa huko tangu mwezi uliopita. Kuna mama anaitwa Benedikta ndiye ameiingiza. Profesa atakuwa ameambiwa tu na ofisi."

"Ameandika ameishughulikia."

"Amedanganya."

Neno hilo, mtoto kumsema mtu mzima, Malimi alilipokea kama kofi. Aliinua mkono, na Nyanjige hakurudi nyuma. Alimfungulia barua ya Benedikta akamsomea pole pole, akiigeuza kwa Kisukuma sentensi baada ya sentensi, hata ile ya ndiyo kazi yetu. Alipomaliza, Malimi alimwambia asome tena. Akasoma tena.

Malimi alivuta kigoda, akaketi. Baada ya muda akamfungua mbuzi kamba, akampiga kofi la mgongo, na mbuzi akakimbilia wenzake. Usiku ule hakula. Maximiliana alimwekea chakula, akakiondoa, na wala hawakugombana.

*

Alhamisi jua lilipokuwa limesimama vizuri walikuwa wote watatu shambani kwao, wakichuma upande wa kichuguu. Pamba nyingi ilikuwa imeshadondoka chini, Maximiliana akiiokota na kuitenga kwenye gunia la fifi. Simu ikaita. Nyanjige alitazama jina, akamwonyesha baba yake. Malimi alijifuta mikono kwenye suruali akaipokea, akaishika mbali na sikio, kama kawaida yake, hivyo wote walisikia.

"Namhala, mbona sikuoni? Watu wanakungoja."

"Sitakuja, profesa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nina pamba yangu."

"Mzee, hivi umesahau kwamba binti yako..."

"Alama ilikuwa ofisini," Malimi alisema. Hakuwa mtu wa kujibizana na wakubwa, na hakujua aendelee vipi, kwa hiyo hakuendelea. Hakujua pia kukata simu. Alimrudishia binti yake ikiwa bado inaongea. Nyanjige naye hakuikata. Aliiweka juu ya gunia, na kwa muda walichuma huku sauti ya profesa ikitoka pale, ikisema kuhusu shukrani, kuhusu vijana wa siku hizi, kuhusu watu wa Nkoma, mpaka ilipouliza hallo, hallo, ikanyamaza yenyewe.

Malimi aliinama kwenye mstari wake, na Nyanjige, aliyekuwa karibu, aliona amefumba mdomo kwa nguvu, kama mtu mwenye kitu kichungu ulimini ambaye hana pa kutemea.

Ijumaa jioni majina ya wahitimu yalitolewa. La Nyanjige lilikuwepo. Maximiliana alimshika mikono yote miwili, Malimi akasema vizuri, akaenda kufunga zizi. Nyanjige aliyapitia majina tena kutoka juu mpaka chini, akimtafuta Joyness. Hakumwona. Akampigia, na simu ikapokelewa mahali penye upepo.

"Uko wapi?"

"Kasoli."

"Majina yametoka, Joyness."

"Najua. Amesema kuna orodha ya nyongeza, atanisainia tukimaliza." Alisita. "Baba yako alipokosa kuja, Profesa alisema mzee ana dharau. Mistari yenu ametugawia sisi."

Kabla Nyanjige hajajibu, alisikia sauti ya mwanaume ikiita kwa mbali, ya upole kabisa, ya mtu aliyeegemea kiti. Joyness akaitika, "Bee, baba," na simu ikakatika.